Guangzhou kwa yuan 200 kwa siku: mwongozo kamili kwa aliyekuja kufuata mzigo

Mwulize mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou, kusini mwa China, akueleze mji wenyewe ukoje. Atakueleza mitaa ya wafanyabiashara ya Xiaobei na Sanyuanli, ghala la wakala wa mizigo na chumba cha hoteli. Amekwenda mara sita na hajauona mto unaopita mjini. Nami nilikuwa hivyo hivyo kwa safari mbili za kwanza. Safari ya tatu mzigo ulichelewa kufungwa, nikajikuta nina siku nne za bure na fedha ya kuhesabu. Nilichojifunza siku zile nimekirudia na kukirekebisha kila nilipokwenda tena, na ndicho ninachokiandika hapa.

Hesabu yangu ni yuan 200 kwa siku, kulala kukiwamo. Yuan moja inacheza karibu na shilingi 18 za Kenya au 350 za Tanzania, kwa hiyo ni kama 3,600 za Kenya au 70,000 za Tanzania. Mgawanyo wake ni huu: kitanda 90, chakula 55, usafiri 15, viingilio 20, na 20 za akiba. Akiba usiile asubuhi. Saa mbili usiku mvua itakaponyesha, miguu imekufa na kituo kiko mbali, ndipo utakapojua kwa nini niliitenga.

Kwanza: mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Viza sitaieleza kwa urefu. Mtanzania, Mkenya na Mganda wa kawaida wanaihitaji. Ya utalii huitwa L na ya biashara M, na hakuna ya kuombea uwanja wa ndege ukishafika. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni simu, kwa sababu Guangzhou mtu asiye na simu inayolipa ni kama mtu aliyefika Dar bila M-Pesa wala noti. Muuza mihogo analipwa kwa simu. Fundi viatu analipwa kwa simu. Kibandiko chenye QR kimening'inia shingoni mwa mzee anayeuza njugu.

Pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, ukiwa nyumbani. Jisajili kwa namba yako ya simu, piga picha pasipoti inapokuuliza, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Halafu nenda benki yako, au wapigie, uwaambie kadi iruhusiwe kulipa mtandaoni na nje ya nchi. Hatua hii ndiyo iliyonitesa. Nilifika nikiwa na programu iliyokamilika na kadi yenye pesa, nikaagiza bakuli la tambi, nikaskani, na kadi ikakataliwa kwa sababu hakuna aliyeifungulia malipo ya nje. Mwenye mgahawa alinitazama, akaitazama tambi, akanionyesha kwa mkono nile tu. Nilirudi kesho yake na noti. Usimtegemee mtu wa namna hiyo mara mbili.

Kuna jambo dogo kuhusu kadi za kigeni ndani ya Alipay ambalo wengi hawalijui: malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada, yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa hiyo hoteli ya siku tatu ilipe siku kwa siku badala ya kutoa yuan 300 kwa mkupuo. WeChat nayo inalipa kwa kadi za kigeni. Iweke kama tairi la akiba.

Noti bado zinapokelewa kisheria, ila wauzaji wadogo hawana chenji. Kuwa na yuan 200 hivi za noti za tano na kumi, basi. Badilisha kiasi kidogo tu uwanjani. Benki mjini hutoa kiwango kizuri zaidi ukiwa na pasipoti. Wale wanaokuita pembeni ya barabara Xiaobei wakikuahidi kiwango bora kuliko benki, wapite kama unavyowapita wa mtaani kwenu.

Upande wa intaneti: WhatsApp, Google na Facebook hazifunguki kwenye laini ya China wala kwenye Wi-Fi ya hoteli. Ukitumia laini ya kwenu iliyofunguliwa huduma ya nje, au eSIM (laini isiyo na kadi) ya kimataifa uliyoinunua kabla ya safari, zitafunguka, maana data yako inazungukia nje ya China. Laini ya kwenu usiitoe hata kama ni ghali kuitumia; ujumbe wa uthibitisho wa benki utaingia humo. Ramani ya Google iache nyumbani, huko inapotosha mitaa. Tumia Amap. Pakua pia programu ya kutafsiri pamoja na lugha ya Kichina ya kutumia bila intaneti.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga begi ni tarehe. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili 15 hadi Mei 5 na kuanzia Oktoba 15 hadi Novemba 4. Kama hukuyafuata maonyesho hayo, zikwepe tarehe hizo kabisa, kwani chumba cha yuan 180 kinaweza kupanda maradufu. Kuanzia Aprili hadi Septemba kuna joto la kunata kama Tanga mwezi wa Machi, na mvua za kustukiza. Nikiachiwa nichague, nachagua katikati ya Novemba hadi Desemba: hewa kavu, sweta moja jepesi latosha.

Pili: kitanda

Sheria ya China inataka kila mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 za kufika. Ukilala hotelini, mapokezi wanakuandikisha wenyewe kwa pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki au ndugu, jukumu ni lako na mwenyeji wako: nendeni kituo cha polisi cha mtaa huo. Watu hupuuza hili kwa sababu halionekani kama jambo, hadi siku wanaposimamishwa.

Kwa yuan 90 una njia mbili. Ya kwanza ni hosteli, kitanda katika chumba cha watu sita au wanane, ambacho hupatikana kwa yuan 50 hadi 90. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kugawana chumba cha hoteli ndogo na mwenzako: chumba cha vitanda viwili kwa yuan 160 hadi 200. Wafanyabiashara wetu wameizoea njia hii, na si aibu. Ila kabla ya kulipia mtandaoni, piga simu au tuma ujumbe uwaulize kama wamezoea kupokea wageni wa nje. Hoteli ndogo nyingine mapokezi wake hawajui kuandikisha pasipoti, na kuliko kuhangaika watakuambia chumba kimejaa.

Mahali pa kulala ni muhimu kuliko ubora wa godoro. Chora duara kuzunguka vituo hivi vya treni ya chini ya ardhi: Xiaobei, Gongyuanqian, Ximenkou, Changshou Lu. Ukilala ndani ya duara hilo, karibu nusu ya mambo nitakayokutajia utayafikia kwa miguu. Ukidanganywa na chumba cha yuan 60 kilicho vituo kumi na tano nje ya mji, utalipa tofauti yake kwa nauli na kwa saa mbili za kila siku.

Xiaobei ina faida yake. Kuna migahawa ya halali, kuna duka litakalokuuzia mafuta ya nywele unayoyajua, na usiku utasikia Kiswahili cha Lubumbashi kikijibizana na cha Mombasa. Jumuiya ya Waafrika imepungua sana tangu 2020, lakini haijakwisha. Kasoro yake ni ukaguzi: polisi wa pale huuliza pasipoti mara kwa mara, na picha ya kwenye simu haitoshi. Tembea na pasipoti halisi, jibu kwa upole, endelea na safari yako.

Tatu: kutoka uwanja wa ndege

Uwanja wa Baiyun uko kaskazini ya mji. Teksi mpaka katikati inapita yuan 100, yaani nusu ya bajeti yako ya siku imekwenda kabla hujanywa maji. Panda treni. Shuka na laini namba 3 hadi Jiahewanggang, badili uingie namba 2 hadi kituo kikuu cha reli cha Guangzhou, kisha namba 5 kituo kimoja tu, uko Xiaobei. Nauli yote haifiki yuan 10. Tiketi ya safari moja ni sarafu ya plastiki inayotoka kwenye mashine. Igusishe kwenye lango ukiingia, itumbukize kwenye tundu ukitoka. Ukiipoteza unalipa tena. Alipay nayo ina QR ya usafiri ya kugusisha langoni, na ukishaiwasha hutapanga foleni kwenye mashine.

Nauli huanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza na kupanda polepole. Kuna tiketi ya saa 24 kwa yuan 20, na kila mgeni huikimbilia. Mimi huiacha. Ukipanga siku yako kwa mtaa mmoja mmoja kama nitakavyoonyesha, hutapanda treni zaidi ya mara nne, na safari nyingi ni za yuan 2 hadi 4. Itakufaa siku ambayo una mizunguko ya maghala tu.

Treni husimama karibu na saa tano usiku. Ndege yako ikitua saa saba za usiku, kama zinavyotua nyingi za kutoka kwetu, kaa ukumbini hadi alfajiri. Kuna maji ya moto ya bure na viti. Nimelala pale mara mbili na sikuona ubaya. Wanaokufuata mlangoni wakinong'ona "teksi, teksi" usiwafuate. Foleni ya teksi rasmi iko nje, na ina mita.

Nne: tumbo

Watu wa Guangzhou hujisifia chakula kuliko jambo lolote, na mgeni mwenye pesa kidogo hana hasara, kwa maana chakula chao bora kabisa si cha hotelini. Asubuhi tafuta duka dogo lenye mvuke mlangoni na foleni ya wazee. Pale wanauza changfen, utando mwembamba wa unga wa mchele unaopikwa kwa mvuke kwenye sinia, unakunjwa na yai au mboga ndani, kisha unamiminiwa mchuzi wa soya. Sahani ni yuan 8 hadi 12. Ongeza kikombe cha maziwa ya soya cha moto kwa yuan 3, umeshiba hadi saa saba mchana. Uji wao wa mchele nao ni mzito na laini, una chumvi badala ya sukari. Mara ya kwanza ulimi wangu uligoma, mara ya tatu nikawa nautafuta mwenyewe.

Mchana, nenda kwenye vibanda vya wali ambako unaonyesha kwa kidole: wali, mboga mbili, kipande cha kuku au samaki, yuan 15 hadi 20. Kanuni ni moja tu, kula pale wanapokula wenye sare za kazi. Menyu yenye picha kubwa na lugha nne imeongeza bei kwa ajili yako.

Sasa kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula kitimoto, hapa pana kazi. Nguruwe yumo kila mahali: ndani ya mchuzi, ndani ya andazi la mvuke, hata mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Kumwambia mpishi hutaki nyama ya nguruwe, "bu yao zhurou", kutaondoa nyama lakini si mafuta. Dawa yake ni kutafuta maandishi haya mawili juu ya mlango: 清真, yanasomwa qingzhen, maana yake halali. Mara nyingi yako kwenye ubao wa kijani. Utayaona kwenye maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono za Lanzhou, yanayoendeshwa na familia za Waislamu kutoka kaskazini-magharibi ya China, na karibu kila mtaa una moja. Bakuli la tambi na supu ya ng'ombe ni yuan 15 hadi 20, na mpishi anazivuta tambi mbele yako kama mtu anayesokota kamba. Ukiomba supu ya kuongeza, wengi hawakatai. Xiaobei utapata mishikaki ya kondoo na mikate ya tanuri ya watu wa Xinjiang. Mkate ule mmoja mkubwa ni kifungua kinywa cha watu wawili.

Chai ya asubuhi ya Kikanton, ile ya vikapu vidogo vya mianzi, ni ghali kidogo kwa bajeti hii: hesabu yuan 40 hadi 70 kwa mtu, na chai yenyewe hulipiwa kwa kichwa. Ifanye mara moja katika safari nzima, na siku hiyo ruka chakula cha mchana. Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao, na mzee wa meza ya jirani atakutazama kwa jicho jingine.

Kitu kimoja cha kujipongeza nacho jioni ni shuangpinai, maziwa ya nyati yaliyogandishwa kwa mvuke na sukari kidogo. Ni yuan 12 au 15. Aliyekulia kwenye mtindi wa bakuli la Mombasa atajiona yuko nyumbani.

Maji ya bomba hayanywewi. Lakini Wachina wanakunywa maji ya moto siku nzima, kwa hiyo stesheni, makumbusho na hoteli zote zina maji yaliyochemshwa, bure. Beba chupa ya chuma. Kwa siku nne hutanunua maji zaidi ya mara mbili.

Tano: siku tatu, mitaa mitatu

*Siku ya kwanza, Yuexiu.* Ukiweza, ifanye Ijumaa. Shuka kituo cha Yuexiu Gongyuan, laini namba 2. Karibu na hapo, kando ya barabara ya Jiefang Bei, kuna bustani tulivu yenye kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China yanasema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba alifika China, na sahaba huyo anajulikana kuzikwa Madina. Lakini Waislamu wa mji huu wamelienzi eneo hili kwa karne nyingi, na Ijumaa mchana linafurika: Wachina, Wayemeni, Wasomali, Wamali, watu wetu. Vaa nguo za stara, hakuna kiingilio. Nje, baada ya swala, hunukia nyama ya kondoo.

Kutoka hapo tembea kando ya barabara hiyo hiyo hadi makumbusho ya kaburi la mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa eneo hili, yuan 10. Kaburi hili liligunduliwa mwaka 1983 mafundi walipokuwa wakisawazisha kilima wajenge nyumba. Mfalme Zhao Mo, aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo, alikutwa amevishwa vazi zima la vipande vya jiwe la thamani liitwalo jade vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri. Wengi hupiga picha lile vazi wakaondoka. Wewe tafuta pembe za ndovu: zilikutwa pembe tano kubwa, na makumbusho yanaeleza kuwa ni za tembo wa Afrika. Nilisimama pale muda mrefu. Mzigo wa kutoka kwetu kwenda Guangzhou, zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na mimi nimekuja kuchukua mzigo wa kurudi.

Kutoka hapo ingia bustani ya Yuexiu, bure. Panda hadi sanamu ya mbuzi watano, alama ya mji, kisha hadi mnara wa Zhenhai uliojengwa mwaka 1380. Alasiri shuka kusini kwa miguu, upite ukumbi wenye paa la buluu wa kumbukumbu ya Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri ya China, mpaka barabara ya Guangta kwenye msikiti wa Huaisheng. Mnara wake mweupe wa duara, mita 36 hivi, ulikuwa ukiongoza majahazi mto ulipokuwa ukipita karibu zaidi. Mabaharia wa Kiarabu waliuita mji huu Khanfu. Mwisho wa siku tembea barabara ya Beijing. Chini ya vioo katikati ya njia utaona matabaka ya barabara za kale, moja juu ya nyingine, huku watu wakipita juu yake na mifuko ya viatu. Jumla ya viingilio: yuan 10, au 20 ukiamua kuingia ndani ya majumba mengine.

*Siku ya pili, magharibi ya zamani.* Laini namba 1 hadi Chenjiaci, jumba la ukoo wa Chen. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa michango ya watu wa jina la Chen kutoka mkoa mzima, ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Kiingilio ni yuan 10. Inua macho: kazi yote iko juu ya paa, vinyago vya udongo uliochomwa kwa rangi, mamia kwa mamia.

Toka hapo utembee kusini, au panda kituo kimoja hadi Changshou Lu, uingie mtaa wa Yongqing Fang na barabara ya Enning yenye baraza ndefu zilizofunikwa ambazo hata mvua ikinyesha hulowi. Kuna makumbusho ya opera ya Kikanton, bure, na wakati mwingine wazee huimba uani. Sogea hadi soko la Qingping karibu na kituo cha Huangsha, soko la dawa za asili: farasi wa baharini waliokaushwa, uyoga, mizizi, magome. Tazama, nusa, usinunue usichokijua, na usithubutu kununua kitu cha mnyama ukakiweka begini.

Mbele kidogo tu, ukivuka daraja la miguu, ni kisiwa cha Shamian. Waingereza na Wafaransa walijipatia hapa baada ya Vita vya pili vya Kasumba, na majengo yao bado yapo chini ya miti mikubwa ya jamii ya mkuyu. Ni mahali pa kukaa kwenye benchi na mkate wako. Kahawa ya pale ni yuan 35. Benchi ni bure na mandhari ni yale yale.

Jioni panda kivuko cha wananchi kwenye gati ya Xidi au Huangsha kuvuka Mto Lulu. Watalii wanauziwa safari ya boti ya usiku kwa yuan 80 na zaidi. Kivuko kinapita mto huo huo kwa yuan chache, umebanwa na watu wenye baiskeli na vikapu vya mboga, kama Kigamboni au Likoni. Ukirudi, pita kituo cha Haizhu Guangchang ulione kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, lililochukua miaka 25 kujengwa, 1863 hadi 1888.

*Siku ya tatu, mji mpya.* Hii ni fupi na ianze mchana. Zhujiang Xincheng kuna makumbusho ya mkoa wa Guangdong, bure, ila lazima uweke nafasi kabla kwa namba ya pasipoti, na Jumatatu hufungwa. Maktaba kuu ya mji iko mkabala: kiyoyozi, choo safi, viti, hakuna anayekuuliza umefuata nini. Jua likishazama keti uwanja wa Huacheng utazame mnara wa Guangzhou, mita 600, ukibadilika rangi. Kupanda juu yake ni yuan 150 au zaidi. Mimi sijawahi kupanda na wala sioni haja. Ukiwa juu ya mnara, kitu pekee usichokiona ni mnara. Kama una nguvu, tembea hadi daraja la Haixin la waenda kwa miguu, lililofunguliwa 2021, upigwe upepo wa mto.

Ukipata siku ya nne, mlima Baiyun kwa yuan 5, uondoke saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wazee wenye redio.

Sita: mahali pesa inapovuja

Karatasi za chooni ni jambo la kwanza. Vyoo vya umma vipo kila kona na ni bure, karatasi hakuna. Pakiti moja ya yuan 2 itakuokoa usilazimike kununua kahawa ili upate choo.

Baiskeli za kukodi za kuskani ni rahisi, lakini ziegeshe ndani ya mistari iliyochorwa, la sivyo mita inaendelea au unapigwa faini. Anwani ya hoteli yako ipige picha kwa maandishi ya Kichina siku ya kwanza. Teksi ukiihitaji, agiza kupitia Didi ndani ya Alipay, bei utaiona kabla.

Sokoni, "duoshao qian" ni bei gani, "pianyi yidian" ni punguza kidogo. Kwenye chakula bei hazipunguzwi. Kwenye nguo na mabegi anza na chini ya nusu, na uwe tayari kuondoka kweli.

Watu watakutazama, hasa watoto, na baadhi watakupiga picha. Ukichoka, tikisa mkono wa kukataa. Wengi huona haya wakaacha.

Siku ya kuondoka, kama ndege ni ya usiku wa manane, ondoka mjini saa mbili usiku ili uiwahi treni bila kukimbia na begi. Hesabu kilo zako hotelini, si kaunta ya uwanjani. Na zile noti ndogo zilizobaki zinunulie maembe makavu na chai kwenye duka la mtaani siku moja kabla; uwanjani pakiti ile ile huuzwa kwa bei mara tatu.